Ramadhani niliyokwenda kupimwa

Muwasho wa ukeni ulinianza kumi la kwanza la Ramadhani. Mchana nimefunga, usiku najikuna mpaka ngozi inachubuka, na mkojo ukipita hapo machozi yananitoka. Muuzaji wa duka moja la dawa hakuniuliza swali hata moja. Nilinong'ona tu kwamba kunaniwasha, akanipa metronidazoli. Nilizimaliza zote, muwasho ukabaki palepale.

Hospitali nilikuwa naikwepa. Hapa Lamu wengi wetu tumesomeshwa kwamba kitu kikiingizwa ukeni mchana, saumu imebatilika. Shangazi aliponiona siwezi hata kukaa, akaniita chumbani. "Mgonjwa ana ruhusa, mwanangu. Fungua, utalipa." Asubuhi yake akavaa buibui, akanipeleka mwenyewe.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Alifunga mlango, akavuta pazia, ndipo akaanza: uchafu unaotoka ukeni una rangi gani, una harufu, una mimba, mume ana dalili yoyote? Moyo wangu ulitulia kwa maswali yale peke yake. Uchafu ulikuwa mzito, mweupe kama maziwa mgando, hauna harufu. Akauchukua kwa kijiti cha pamba, akaugusisha kwenye kikaratasi cha kupimia asidi, akanionyesha rangi: asidi ya uke ilikuwa ya kawaida. Wangekuwa ni wale bakteria wanaoleta harufu ya samaki, alisema, asidi ingekuwa imepungua.

Maabara wakaupaka juu ya kioo, wakautazama kwa hadubini. Fangasi. Metronidazoli huua bakteria hao na vimelea vya trikomona, lakini fangasi haiwagusi kabisa. Nikauliza kuhusu mume wangu. Ingekuwa trikomona, naye angelazimika kutibiwa. Kwa fangasi, maadamu hawashwi, hapakuwa na haja. Nikapimwa na sukari, kwa kuwa kisukari huwapa fangasi nafasi. Ilikuwa sawa.

Nilipewa klotrimazoli ya miligramu 200, kidonge kimoja ukeni kila usiku, kwa usiku 3. Naweka baada ya tarawehe, nikishapanda kitandani, na saumu ya kesho iko salama. Nikakatazwa kujiosha ndani kwa sabuni au maji ya ndimu.

"Na kujifukiza udi?" Shangazi akauliza.

"Fukizeni nguo na nywele, bibie. Huko acheni."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Muwasho ulikatika kabla ya kumi la mwisho. Saumu ya siku ile niliilipa Mfungo Mosi, naye akafunga pamoja nami.