Siku moja maishani mwangu: bajaji, mdogo wangu mwenye usonji na stoo ya spea Gerezani

Saa 11 alfajiri

Alamu ya simu haijalia bado na Dogo ameshavaa. Huyu ni mdogo wangu wa kunifuata, ana miaka 22, ana usonji, yani autism, na hapa namwita Dogo tu kama tunavyomwita nyumbani. Mi ni dereva bajaji, chombo cha tajiri sio changu, hesabu ninayompelekea ni elfu ishirini kila siku iwe mvua iwe jua, kwa hiyo kuamka mapema ni lazima hata Dogo asingekuwepo. Ila yeye ndo ananiamsha. Anasimama mlangoni anasema "saa kumi na moja na dakika tano", harudii, anasubiri.

Anavaa shati la kijivu, lile ambalo Mama alishalikata lebo ya shingoni, maana lebo ikimkwaruza hawezi kufikiria kitu kingine siku nzima. Uji, kisha kadibodi. Ukutani kuna kadibodi Mama kaichora siku yake yote: kuoga, uji, bajaji, stoo, wali, kurudi. Leo nimebandika kitu cha ziada, jengo lenye bendera, kwa sababu saa nne tunapita ofisini. Nilimwambia jana jioni, nikarudia usiku, asubuhi ndo hiyo picha. Watu wanaona kama namdekeza lakini jaribu kumbadilishia njia bila kumwambia uone, na wala sio kiburi, yani kichwani mwake siku ilishapangwa hivyo na wewe umeingia ukapangua.

Saa 12 na nusu

Barabarani. Dogo kakaa nyuma na zile hedifoni kubwa wanazovaa mafundi wa grinda, za kuzuia kelele, hazina muziki wowote. Honi za daladala, konda anayepiga bati, bodaboda zinazopita kama nyuki, vyote hivyo mi nimeshazoea sivisikii hata, ila kwake kila sauti inaingia kivyake. Abiria mmoja kapandia njiani akamsalimia, Dogo akamjibu "namba ya bajaji hii inaishia na tisa". Abiria akacheka, nikamwambia ndo salamu yake hiyo, tukaenda.

Saa 2 asubuhi

Gerezani, Kariakoo. Hapa ndo penye maelezo marefu kwa sababu kila mtu kijiweni ananiuliza nilimpatiaje kazi.

Dogo alisoma kitengo maalumu cha shule ya msingi. Vitengo hivyo vipo Dar, kama pale Msimbazi Mseto, na walimu wake wanajituma kwelikweli, ila shida inakuja ukimaliza. Hana cheti cha kidato cha nne. Ukiingia kwenye mfumo wa ajira wa serikali unaulizwa vyeti, ukienda kwa wakala unaulizwa vyeti, na interview yenyewe ni kumwangalia mtu machoni na kujieleza, vitu viwili ambavyo Dogo havimuingii. Kampuni moja walimwita, wakamuuliza "tuambie kuhusu wewe", akawaambia urefu wake na uzito wake. Hatukupigiwa simu tena.

Nyumbani lakini kuna kopo langu la spea chakavu, nati, bering, bushi, vimebaki kwenye matengenezo ya bajaji. Kila nikirudi nakuta kopo limemwagwa na kila kitu kimepangwa sakafuni kwa saizi, na zile namba ndogo zilizochongwa kwenye bering anazo kichwani zote. Ndo nikawaza, huyu mtu mahali pake ni stoo ya spea.

Sasa ukienda dukani ukasema "naomba mumsaidie mdogo wangu ana usonji" unapewa elfu mbili na pole. Kweli kabisa, walinipa. Kwa hiyo kwa huyu bosi wa Gerezani nilibadilisha ombi, nikamwambia mzee, nipe boksi lako la bering zilizochanganyika, lile ambalo vijana wako wanalikimbia, mpe Dogo nusu saa. Hakuuliza usonji ni nini. Alirudi akakuta zimepangwa kwa namba na Dogo kaweka pembeni tatu ambazo boksi lake na namba yake haviendani, yani zile ambazo mteja angerudisha kwa matusi. Mzee akasema aje Jumatatu kwa majaribio.

Vilivyomfanya adumu ni vitu vidogo sana. Anakaa stoo ya juu, sio kaunta, kwa hiyo makelele ya mafundi hayamfikii sana. Oda haisemwi kwa kupiga kelele kutoka chini, inaandikwa kwenye karatasi: namba, idadi, basi. Anayemwelekeza ni mtu mmoja tu, dada wa hesabu, sio kila mtu na lake. Kulikuwa na taa ya tyubu inapepesapepesa, nikanunua balbu nikabadilisha mwenyewe. Na anafanya nusu siku. Sheria ya kazi inaruhusu hadi saa 45 kwa wiki lakini Dogo saa 9 mfululizo hawezi, baada ya saa tano anaanza kujitikisa na kuziba masikio, na tukimlazimisha hapo tutampoteza.

Namwacha. Ameshafika juu kabla sijamaliza kumsalimia mzee.

Saa 4

Nimemfuata, mzee alishajua. Jengo lenye bendera. Dogo analiona, anasema "bendera", anatulia.

Tumekuja kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu mkopo wa asilimia 10. Kwa wasiojua: kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya madudu ya vikundi hewa, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Mtaani watu wanaamini bila kikundi kikubwa hupati, sisi wenyewe tulikuwa tunahangaika kutafuta watu wa kujaza majina. Yule dada afisa akatuambia kwa watu wenye ulemavu sio hivyo, wawili wanatosha, na hata mmoja peke yake anaweza kuomba. Cha kwanza barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, na maelezo ya biashara yenyewe.

Wazo letu ni kununua nati na bolti kwa kilo, zile za mchanganyiko, Dogo azipange kwa saizi kwenye pakiti ndogo ndogo tuwauzie mafundi wa gereji ambao sasa hivi wanapoteza muda kuchambua kwenye ndoo. Dada akaipenda. Mi moyoni bado sijakubali. Haina riba sawa, lakini ni deni, na deni kwa jina la Dogo. Nimeona watu wanachukua hii pesa kwa sababu ipo tu, halafu mwaka unaofuata wanajificha.

Nikamuuliza pia hakuna kitu cha kila mwezi? Maana wenzetu Kenya wana Inua Jamii, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inapewa shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Huku kwetu kilicho karibu na hapo ni TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na yenyewe inaangalia umaskini wa kaya, haimwangalii mtu mmoja mmoja, na kaya yetu haimo. Akatuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii, na akasema mtaani kwetu tuulize kamati ya watu wenye ulemavu, sheria inataka kamati hizo ziwepo kuanzia ngazi ya mtaa. Nimekaa mtaa ule miaka yote, sijawahi kuisikia.

Kitu kimoja nilimpendea yule dada. Kila swali alimuuliza Dogo kwanza, akasubiri. Dogo anachelewa kujibu, unaweza kudhani hajasikia, halafu jibu linakuja. Alimuuliza "unataka biashara au unataka stoo?" Kimya kirefu, mi nimeshafungua mdomo nimjibie, dada akaninyooshea kidole ninyamaze. Dogo akasema "stoo asubuhi. Nati jioni." Mi mwenyewe sikuwahi kumuuliza hivyo.

Saa 7 mchana

Nimemrudisha stoo, nimepiga tripu mbili za Buguruni, sasa nipo kijiweni nakula wali maharage. Hapa kila mtu ni mwanasheria. Mmoja anasema nimpeleke kiwanda kikubwa nikawadai asilimia 3. Sheria hiyo ipo kweli, ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea asilimia 3 iwe watu wenye ulemavu. Nikamwambia piga hesabu, asilimia 3 ya 20 haifiki hata mtu mmoja. Mzee wa spea ana watu saba, haimgusi kabisa. Na hata huko viwandani, wakikumbuka ulemavu wanamuwazia mtu wa kiti cha magurudumu au asiyeona, mtu mwenye viungo vyote anayepiga makofi akifurahi hawamuelewi.

Mwingine akasema mpeleke kwenye maombi. Nikaongeza pilipili nikaendelea kula.

Ila yupo mmoja, jamaa wa bodaboda, alisubiri wengine waondoke akaniuliza taratibu mtoto wake wa miaka minne haongei anazungusha tairi la kigari chake siku nzima, aende wapi. Nikamwambia kaka, aanzie kliniki ya watoto, aombe rufaa ya hospitali ya Muhimbili, na asisubiri hadi aingie shule. Nikampa namba yangu.

Saa 9 alasiri

Simu ya dada wa hesabu: "njoo, Dogo kagoma." Nikamshusha abiria kwa kumpigia magoti.

Kumbe kijana mmoja wa kaunta kapandisha mzigo mpya akahamisha shelfu ya breki pedi kwenda upande mwingine ili apate nafasi, bila kumwambia mtu. Dogo kakuta hivyo akakaa chini katikati ya stoo, mikono masikioni, anataja namba za shelfu ya zamani kwa mfuatano. Yule kijana anasema "si maboksi tu haya jamani". Sikugombana naye. Nilikaa chini karibu yake, sikumshika, akishikwa inazidi, nikasubiri. Alipofika mwisho wa namba zake nikamwonyesha karatasi nimeichora mishale, shelfu imetoka hapa imeenda pale. Akaikagua. Akainuka akaanza kurekebisha lebo.

Mzee alikuwa mlangoni anaangalia yote. Nikajua leo ndo mwisho, nikamwambia mzee kama unaona haiwezekani sema. Akaniambia kitu sikutegemea: toka Dogo aanze, mali zinazorudishwa kwa kukosea namba zimepungua, na kuhamisha shelfu bila kuandika kumemkera hata yeye. Ila akasema ataendelea kumpa "ya soda", yani vijisenti tu, sio mshahara.

Hapo tukakaa. Nikamwambia, kwa heshima zote mzee wangu, vijana wa chini wanalipwa mshahara, Dogo naye alipwe mshahara, wa nusu siku, usishuke chini ya kiwango cha serikali kwa saa, na kuwe na karatasi. Akasema karatasi za nini sisi ni familia. Nikamwambia ndo maana. Bila karatasi NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, tutaidaije, na Mama anazeeka, mi naendesha bajaji barabara ya Nyerere, siku nikipata ajali Dogo atakuwa na nini? Soda? Akacheka, lakini alifikiria. Tukakubaliana mshahara kuanzia mwezi ujao, na mkataba dada wa hesabu aandike, lugha nyepesi, kila jukumu mstari wake, na mstari mmoja uandikwe kabisa kwamba stoo haihamishwi bila Dogo kuambiwa siku moja kabla.

Saa 2 usiku

Hesabu ya tajiri imetimia kwa shida, muda mwingi leo haukuwa wa abiria.

Ubishi uliobaki ni wa akaunti. Mshahara ukianza utaingia wapi, na ule mkopo tukiuomba? Mama anataka jina lake, anasema Dogo akiombwa hela na mtu yeyote anatoa, na ni kweli, aliwahi kumpa jirani simu yake kwa sababu tu aliombwa. Mi nasema jina la Dogo. Ana miaka 22, mkataba anasaini yeye, na nchi hii iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, mtu mzima ni mtu mzima mbele ya sheria. Mama akaniambia Umoja wa Mataifa hauishi hapa ndani, wanaomlisha akiishiwa ni sisi. Hana makosa.

Dogo alikuwa anaweka nati kwenye kopo, nikamuuliza yeye kwanza, nimejifunza kwa yule dada. Nikasubiri. Akasema "jina langu. Kadi anatunza Mama." Mama akamwangalia, akauliza namba ya siri nani ataijua. "Mimi na Mama. Kaka hapana."

Kwa hiyo kesho kutwa benki ni yeye na Mama, mi kazi yangu kuwapeleka na kusubiri nje, na inabidi nichore jengo la benki kesho jioni.