Miruko hamsini inatosha

Jumatano, jioni. Jua limeshavuka ziwa kwenda Kongo, lakini kiwanjani vijana wa kikapu wa Kigoma bado wanaruka, wakitafuta kudanki, yaani kuuzamisha mpira kwenye ringi kwa mkono. Wanakimbia, wanagusa wavu, wanarudi nyuma, wanakimbia tena. Mmoja amepita miruko 80, na ule wa mwisho ulikuwa chini ya ule wa kwanza kwa kiganja kizima. Hilo ndilo limenikaa kichwani jioni hii: anayeruka mpaka miguu iishe anaizoesha miguu hiyo kuruka chini.

Mruko ni kazi ya robo sekunde. Mguu unatua, msuli na kano vinavutika, vinarudi kama mpira wa manati. Mpira uliolegea haurushi jiwe, hata ukivuta mara mia.

Kabla ya mazoezi, pimeni ringi. Kimo halali ni mita 3.05 kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu, ila viwanja vya mtaani huongezwa zege nguzo ikiwa imeshasimama, au chuma hulegea kwa watu kuning'inia. Azimeni futi ya fundi, msije mkashangilia danki la mita 2.90. Kisha simama ukutani, nyayo zote chini, nyoosha mkono, weka alama ya chaki. Alama ikiwa 2.30, kugusa chuma kunadai sentimita 75, na kudanki kwa mkono mmoja kunadai kama 90, maana kiganja na mpira lazima vipite juu ya ukingo. Hasheem Thabeet wetu, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, ana mita 2.21, kwake hesabu hii ni ya darasa la kwanza. Spud Webb wa Marekani hakufika futi 5 na nchi 8, na mwaka 1986 alishinda shindano la madanki la NBA. Wengi hapa ni wa kimo cha Webb.

Mazoezi ya nguvu ndiyo yanayorukwa kuliko ringi. Zoezi moja likifanywa vizuri linabeba nusu ya kazi: mguu mmoja mbele, wa nyuma juu ya benchi, unachuchumaa taratibu kwa sekunde 3, unapanda kwa haraka. Mara 6 kila mguu, seti 4, pumzika dakika 2 au 3 kati ya seti. Mzigo ni dumu la lita 20 ulilolikumbatia kifuani: likijaa maji ni kilo 20, mchanga mkavu unalipitisha 30. Anza na nusu. Goti likikunjika kwenda ndani, au kisigino cha mbele kikiinuka, mzigo umezidi. Ongeza vigimbi: simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, inua kisigino mara 15, seti 3. Siku mbili kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 8.

Halafu kutua, zoezi ambalo hakuna anayelipenda kwa sababu halipigiwi makofi. Bloku mbili za nchi 6 zikilazwa moja juu ya nyingine ni sentimita 30. Shuka, usiruke, tua kwa miguu miwili, magoti yakifuata uelekeo wa vidole, ganda sekunde 2. Sikio ndilo kocha: sakafu ikilia, goti limebeba kazi iliyokuwa ya paja na makalio. Mtu akishatua kimya kwa wiki tatu ndipo ashuke na kuruka papo hapo kwa nguvu zote, mara 5, seti 4. Akikawia chini au visigino vikigonga, bloku moja iondolewe. Kurefusha mnara wa bloku ili kuwatisha wenzake ni mchezo mwingine kabisa.

Mchanga wa ufukweni unawadanganya wengi. Unachosha, kwa hiyo unaonekana unajenga. Kumbe mchanga unameza ule mrejesho wa kano, na mguu unazoea kukaa chini muda mrefu. Ufae kwa mbio nyepesi na kwa magoti yaliyochoka. Vilima vya mji huu vina faida zaidi: mbio za mita 20 kupanda, mara 6, ukishuka kwa kutembea.

Mbio za kuelekea ringi zina siri ndani ya hatua mbili za mwisho. Anayetumia mkono wa kulia huweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Hatua ya kulia iwe ndefu, mwili ushuke, mikono yote iwe nyuma. Ya kushoto iwe fupi na ya haraka, mikono ipande kwa pamoja. Kosa la kila siku ni kupunguza mwendo ili kujipanga. Mpira nao uje kwa ngazi: wa tenisi kwanza, kisha wa netiboli, mwisho wa kikapu wenyewe, namba 7.

Siku za kuruka ziwe mbili kwa wiki, zikiachana saa 48 au zaidi, kila siku miruko 50 yote pamoja na ya kupasha mwili. Alama ya mruko ikishuka sentimita 5 chini ya bora ya siku hiyo, mtu avae kandambili. Ugali wa muhogo peke yake hautengenezi msuli. Dagaa wakavu gramu 100 wana protini inayopita gramu 50, na hapa hawatafutwi mbali.

Maumivu ya sehemu moja, chini kidogo ya pia ya goti, yanayozidi kesho yake asubuhi, ni kano inalalamika. Kuacha kila kitu kunailegeza zaidi. Punguza miruko, kaa mgongo ukutani bila kiti, sekunde 45, mara 5, kila siku. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, nenda hospitali.

Alama ya mruko wa leo ukutani isifutwe mpaka kipimo kijacho, wiki mbili. Mvua zimekaribia, kwa hiyo ikwaruzwe kwa msumari.