Kompresa mbili, tenki moja

Nilikuwa na kompresa mbili za upepo, za silinda mbilimbili, kila moja na mota yake na swichi yake ya presha, nikataka zote zijaze tenki moja. Kazi ndogo ifanywe na moja, kazi kubwa zisaidiane. Nikakutanisha mabomba ya shaba kwa kiungo cha njia tatu, mbele yake nikafunga vali moja ya kuzuia upepo usirudi, nikajiona fundi.

Zikiwaka zote, safi. Nikiwasha moja tu, presha inapanda kwa kusuasua, na upande wa ile iliyozimwa nasikia "ssss". Nikapaka povu la sabuni kila nati. Hata kiputo kimoja sikukiona. Kumbe upepo ulikuwa unatokea chini ya swichi, kwenye kile kitundu kinachopumua mota ikizimwa ili bomba lisibaki na presha. Kilikuwa kinafanya kazi yake tu. Mimi, kwa ujuaji, nikakiziba. Mota ya pili ilipotaka kuwaka ikakuta bomba limeshajaa: ikanguruma bila kuzunguka, fyuzi ikakata.

Ndani ya kompresa moja, silinda mbili za kichwa kimoja (kile kifuniko cha juu) hazina ugomvi kwenye bomba moja, maana vibati vya vali mle kichwani vinatosha kuzuia upepo usirudi mashine ikiwa inazunguka. Ikisimama, vibati hivyo huvujisha, na tundu la kupumua liko wazi. Ndiyo maana kila kompresa inataka vali yake, kabla upepo wake haujakutana na wa mwenzake.

Nikanunua vali mbili, nikazifunga karibu na vichwa. Kosa jingine hilo! Upepo unatoka pale ukiwa moto kuliko maji yanayochemka. Raba ya ndani ikakauka, ikapasuka. Nikatoa upepo wote tenkini, nikafunga vali mpya kwenye tenki lenyewe, kila moja na tundu lake, na vijibomba vya kupumulia nikavitoa hapohapo kwenye vali, upande wa kompresa. Bomba la shaba nikalikunja duara moja njiani, lipoe kidogo na limeze mtikisiko. Koki sikuweka kati ya kichwa na tenki: siku mtu akiisahau imefungwa, kitapasuka kitu.

Sasa nikizima mojawapo inatoa "pshh" fupi, kisha kimya, na mshale wa geji unabaki palepale.