Git mpya, manyuali za zamani

Wanaokompaili Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) wenyewe kutoka kwenye source wengi wanakwama hapa: git --version inaonyesha toleo jipya safi kabisa, halafu ukiandika man git-rebase inakufungukia manyuali ya lile toleo lililokuja na Ubuntu, au haifunguki kitu kabisa. Mtu anadhani kompaili imeharibika, anafuta kila kitu anaanza upya, na wala shida haiko huko.

Make install ya Git, yaani amri ya kuiweka programu mahali pake ukishakompaili, haigusi manyuali. Kuzitengeneza kunataka zana za asciidoc na xmlto na kunakula muda, kwa hiyo wamezitenga kwenye make install-doc, au install-man, zote mbili zinaweka kurasa za man. Sawa, hapo sina neno. Mtego uko kwenye prefix (folda kuu ya kuwekea programu), maana Makefile ya Git, faili la maelekezo ya make, usipoitajia prefix inachukua $HOME, folda yako ya nyumbani, sio /usr/local kama tulivyozoea kwenye programu nyingine. Sasa mtu anapiga sudo make prefix=/usr/local install, programu inakaa mahali pake, akija kwenye manyuali anaandika sudo make install-doc hivyo hivyo kavu, na kwa vile yuko ndani ya sudo $HOME mara nyingi inakuwa ya root (msimamizi wa mashine), basi kurasa zote zinaenda kulala /root/share/man na hakuna hata erro moja ya kukushtua. Ukianza na ./configure --prefix=/usr/local haya hayakupati, njia inaandikwa kwenye config.mak.autogen na kila make inaisoma.

Usikisie, iulize mashine. git --man-path inakutajia folda ambayo Git yenyewe inaamini manyuali zake zipo, piga ls uone kama kuna kitu. man -w git-rebase inakutajia faili ambalo man inalifungua kweli. Zikitofautiana umeshapata jibu. Ndio maana unaweza kukuta git help rebase inakupa ukurasa mpya na man git-rebase inakupa wa zamani, git help inatanguliza folda yake kwenye MANPATH (orodha ya folda ambazo man inatafuta) kabla ya kuiita man.

Wale wa kuweka kwenye $HOME/opt/git, kwa Ubuntu na Debian ukiiweka bin yake kwenye PATH (orodha ya folda za programu) man inaangalia yenyewe share/man iliyo jirani. Ukiweka symlink (kiungo cha kuelekeza kwenye faili) tu ndani ya ~/bin haioni kitu. Na ukiamua kuexport MANPATH acha nukta pacha mwanzoni au mwishoni, bila hiyo inatumia folda yako peke yake na hata man ls inapotea, kitu cha kuudhi sana saa sita usiku.

Kama bundle imebana na hutaki kushusha asciidoc na ndugu zake wote, clone git-manpages (repo ya manyuali zilizokwisha tengenezwa) pembeni ya folda ya source halafu make quick-install-man, na prefix uitaje hapo pia.