Udongo wa kidole kimoja

Mwaka 2005 kila mtoto wa Kisauni, Mombasa, alitaka kumwona Owen. Kiboko huyo mdogo aliokolewa baharini karibu na Malindi, siku moja baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park, bustani ya wanyama pale Bamburi, akamganda kobe wa Aldabra aliyeitwa Mzee kama aliyepata mama mpya. Nilikuwa na miaka kumi. Nilimsumbua babu likizo nzima, mpaka asubuhi moja akachukua kofia yake, tukapanda matatu.

Babu aliijua ile ardhi kabla haijawa bustani. Ujana wake aliumalizia pale machimboni, wakati wa baruti, jiwe la matumbawe likipasuliwa na kupelekwa tanurini kuwa saruji. Kwa hiyo tulipoingia, badala ya kunipeleka kwa kiboko, alinishika mkono akanipitisha chini ya mivinje. Nililia kidogo. Kelele za watoto wenzangu nilizisikia upande wa pili.

"Subiri kwanza, mjukuu wangu. Huyo Owen hana pa kwenda."

Akachutama, akakwangua majani yaliyokauka, yale membamba kama sindano. Akanyanyuka jongoo mweusi, mnene, miguu myekundu. Nikaokota kijiti. Nyumbani tulifundishwa hivyo: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Babu akanidaka mkono kabla sijafika.

"Huyu usimguse. Huyu ndiye fundi wetu."

Akaketi juu ya gogo akanihadithia, na sijapata kumwona akisema maneno mengi vile. Pale palikuwa jiwe tupu, jeupe, saa saba mchana jua likikupiga juu na chini, hata mjusi hakai. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti. Wakatoboa mwamba, wakatia mche mmoja mmoja. Walijaribu aina 26, zikasalia tatu: mnazi, damasi, mti wa kwao Wasomali, na huu mvinje, unaostahimili maji ya chumvi na kujitengenezea mbolea mizizini. Lakini mvinje ulipoanza kumwaga majani, hayakuoza. Yalilala juu ya jiwe, makavu, machungu, hakuna mdudu aliyeyataka. Miti ipo, udongo hakuna.

"Ndipo bwana huyo akamwona jongoo akiyatafuna," babu alisema. "Wakaletwa mamia, wakaachiwa humu. Wakala, wakanya, wakala, wakanya."

Nikacheka kwa lile neno. Yeye hakucheka. Alichomeka kidole cha shahada ardhini taratibu, kikazama hadi pingili ya pili, kikagota. Akakitoa, kimejaa weusi wenye unyevu.

"Chomeka na wewe."

Changu kikazama chote kabla ya kugusa jiwe. Udongo ulikuwa wa baridi, na ulinuka kama mvua ya kwanza. Ule mwamba chini yake nauhisi mpaka leo, ulivyo mgumu na mkavu kwenye ncha ya kidole. Wingi wote wa msitu ule, twiga, ndege, vivuli, ulikuwa umekaa juu ya kina cha kidole changu cha miaka kumi.

Baadaye tulipita kwenye mabwawa. Machimbo yalishuka karibu kabisa na maji ya chini ya ardhi, na hapo palipochimbuliwa zaidi pakawa vidimbwi vya samaki na mamba, matete yamesimama pembeni, yangeyange wanatembea kwa madaha majini. Babu alisimama mahali fulani kwa muda mrefu, akaniambia hapo ndipo lori lao lilipokuwa likigeuzia. Nilitazama, nikaona majani mapana tu yanayoelea.

Owen tulimwona mwishoni, babu akinibeba mabegani kwa sababu ya watu. Mzee alitambaa pole pole kuelekea dimbwini, na yule mtoto wa kiboko akamfuata, pua yake karibu kugusa gamba.

Jioni bibi alinishika mikono aninawishe, akaona kucha nyeusi.

"Mmemwona kiboko au mmelima?"

Babu alikuwa anavua viatu mlangoni. "Muulize kidole chake kiliishia wapi," alisema.