Nati ya kinara imelegea!

Imefunguka jana usiku. Mnaofuatilia mradi huu wa kukarabati vinara viwili vya zamani vya mishumaa mnajua ilivyonitesa: nati ya shaba ya pembe nne, chini ya kitako cha marumaru, iliyokaza ufito wa chuma unaopanda katikati ya kinara hadi kwenye matawi matatu ya mishumaa. Chuma kimekula kutu, kutu ikavimba ndani ya nyuzi za nati, nati ikaganda kama imechomelewa.

Fundi wa gereji angeipiga moto, yakaisha. Hapa moto ni marufuku. Vinara vya Paris vya enzi za Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, kama hivi vyangu, vilitiwa dhahabu kwa zebaki: dhahabu huchanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba, kisha zebaki ikafukuzwa kwa moto. Mvuke ule uliwaua mafundi. Mabaki yake yanaweza kuwemo hadi leo, na sitaki yapite puani mwangu. Wala sitaki kuipoteza ile dhahabu isiyong'aa aliyosifika nayo Pierre Gouthière, fundi wa Paris wa kutia dhahabu, inayopakana na sehemu zilizosuguliwa kwa akiki mpaka zikameremeta.

Kilichoshinda ni maji ya moto. Shaba hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo nati ikipata joto hulegea kidogo kwenye ufito. Nikaizungushia kitambaa cha maji ya moto, nati peke yake, marumaru nikaikinga. Tone la mafuta mepesi, ipoe, rudia. Kila ikipoa mafuta yanazama zaidi. Mwishowe ikalia "tik", ikazunguka robo, mafuta yakachuruzika mekundu kwa kutu. Nilipiga kelele!

Spana za dukani hazifai. Nati za karne ya 18 zilitengenezwa kwa mkono, kila moja na kipimo chake. Niliyochonga mwenyewe kwa tupa ndiyo imekaa barabara. Na dawa za kung'arishia shaba zisisogee hapa kabisa: zinakwangua dhahabu.

Nilipanga sasa nisafishe kutu ya kijani iliyoachwa na nta chini ya visahani vya kudakia nta. Itasubiri. Kwenye mashina ya matawi kuna vitone vilivyogongwa, kimoja, viwili, vitatu, na kila tundu lina vyake. Tawi la viwili lilikuwa kwenye tundu la vitatu, na la vitatu kwenye la viwili! Ndiyo maana yaliinama miaka yote hii. Leo nakitia mafuta kinara cha pili, nione vitone vyake vinasemaje.