Jinsi Nilivyookoa Kunde kwa Mafuta ya Makonyo

Kunde nilizoweka akiba zilikuwa zikitobolewa na bungua kila baada ya mavuno, na kwa kuwa ndizo chakula cha watoto, sikutaka kuzichanganya na dawa ya unga ya kiwandani. Nilichagua mafuta ya makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, yanayokenekwa hapa Pemba, kwa sababu sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo eujenoli, ambayo mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu ya wadudu.

Kwanza nilizianika kunde hadi zikakauka kabisa, nikaondoa zote zilizotobolewa, kwani buu hukaa ndani ya punje, ambamo mvuke haupenyi kwa urahisi. Kisha nilidondosha mafuta kwenye pamba, nikaifunga kitambaani, nikaiweka ndani ya debe la bati lenye mfuniko unaobana; mfuniko huo ni muhimu kuliko yote, maana mafuta haya huyeyuka hewani upesi. Harufu ilipofifia, nilibadilisha pamba.

Bungua wamekoma kuongezeka. Mbegu za kupanda nazitenga, kwa kuwa mafuta haya yanaweza kudhoofisha uotaji, na chupa naifungia mbali na watoto, kwani ni sumu yakinywewa.